Lundo la Pembeni

Kiguu hakuwahi kumaliza chai akiwa amekaa. Kuanza alianza amekaa, hilo hakuna wa kumnyima, lakini kikombe kikifika nusu yuko dirishani, kikifika robo yuko mlangoni, na tone la mwisho analimeza kavaa kiatu kimoja. Jina alipewa na bibi yake, aliyechoka kumtafuta uani kila saa, akasema mtoto huyu ni kiguu na njia tu, na watu kwa uvivu wa ulimi wakabakiza Kiguu. Wachumba wawili waliwahi kuja, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walikata tamaa kwa sababu ile ile: kuongea naye ni kama kuongea na abiria aliyesikia basi lake linapiga honi.

Kazi yake ya kwanza iliifaa miguu yake. Aliokota mayai kwenye shamba kubwa, banda refu kama barabara, vizimba vya waya vimepandana ghorofa tatu kulia na kushoto, naye kutwa anakwenda na kurudi na toroli la trei. Wenzake walilalamikia magoti, yeye alilalamikia mapumziko ya mchana. Kilichomtoa pale ni kuku mmoja wa ghorofa ya chini. Kuku huyo alikuwa amesimama sehemu moja muda mrefu hata kucha zake zikakua na kujiviringisha kwenye waya wa sakafu. Siku Kiguu alipogundua kwamba hafikii maji, akachukua mkasi wa kufungulia mifuko ya chakula, akapiga magoti, akaanza kumkata kucha mojamoja. Msimamizi akamkuta hapo chini. Akamwambia aache upuuzi, huyo atatoka siku ya kuuzwa. Kiguu akamalizia kucha iliyobaki, akarudisha mkasi mahali pake, akaenda kuvua aproni.

Dada yake alipomuuliza ameacha kazi kwa nini, alishindwa kueleza vizuri. Alisema tu kwamba yeye angeambiwa asimame pale pale maisha yake yote angekufa, na yule kuku hata kuambiwa hakuambiwa, aliwekwa.

Ndivyo alivyoishia kwenye ofisi ya watetezi wa kuku. Usicheke, ofisi kama hizo zipo. Yao ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi viatu, kinanuka gundi kuanzia asubuhi, kina meza mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti. Bosi aliitwa Mkurugenzi, na wa kuongozwa alikuwa Kiguu peke yake. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema na msomi, shati lake limefungwa vifungo hadi shingoni hata joto likiwa kali, na aliogopa jambo moja tu duniani: kuchekwa na wafugaji wakubwa.

Ofisi ilikuwa ndogo lakini haikuwa pweke. Kila wiki, alasiri, waliwasha kompyuta na kwenye kioo zikajitokeza sura za watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Wenyewe walijiita Kundi. Majina yao mengi hayakukaa kwenye ulimi wa Kiguu, kwa hiyo akawabatiza upya. Alikuwepo Mama wa Sweta, wa nchi ya baridi, aliyekuwa anabadilisha sweta tu, yeye habadiliki. Alikuwepo Bwana Feni, wa kisiwa cha joto, ambaye nyuma ya kichwa chake feni ilizunguka bila kupumzika, hata ukimtazama sana unashikwa na kizunguzungu. Na alikuwepo Mratibu, mwanamke wa sauti ya taratibu aliyeendesha mkutano, na aliyeweza kumkatisha mtu maneno bila mwenyewe kujua kwamba amekatishwa. Kiingereza chao kilikuwa cha wote na hakikuwa cha yeyote. Kiguu alikuwa na cha kwake cha kuokoteza, na kilimtosha.

Mbinu yao haikuwa ngumu kuielewa. Kampuni moja ya hoteli ilikuwa na majiko katika nchi nyingi. Zamani watetezi wa kila nchi walikwenda kivyao, na kila mahali walipewa jibu moja: huko kwingine wateja wanataka mayai ya kuku walio huru, hapa kwenu hawataki. Kundi lilipoundwa, wakaanza kugonga milango yote wiki moja, kwa maneno yale yale, halafu wanakutana kulinganisha majibu. Kampuni ikakosa pa kukimbilia. Mwishowe ikasema sawa, tutaachana na mayai ya vizimbani, ila kila nchi itoe mfugaji mmoja wa mfano ili mnunuzi wetu aone kwa macho yake kwamba inawezekana. Watu wakapiga makofi kwenye vidirisha vyao. Kiguu alipiga akiwa tayari wima, mkoba begani, maana alishajua mfugaji wake atakuwa nani.

Alikuwa ni mume wa dada yake. Mtaani alijulikana kama Baba Trei, kwa sababu hata akienda msibani alipita kwanza dukani kuacha trei za mayai. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, la matofali nusu na wavu nusu, na ndani kulikuwa na vizimba alivyovinunua kwa kujinyima miaka. Alivipenda. Alivipaka rangi ya kuzuia kutu kwa mkono wake mwenyewe.

Kiguu alimwendea jioni, akakataa kiti, akaanza kumweleza huku anazunguka meza. Baba Trei alimfuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma, akamwomba asimame upande mmoja, wowote, auchague mwenyewe. Dada yake alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa, lakini kila aliposikia neno hoteli mkono ulisita kidogo.

"Kwa hiyo nivitoe vizimba vyangu," alisema Baba Trei mwishoni, "kwa sababu wewe na rafiki zako wa kwenye kioo mmekubaliana."

"Na hoteli itanunua kwako, shemeji. Si kwa yule wa banda refu. Kwako."

"Na wasiponunua?"

Kiguu alisema watanunua. Alisema pia kwamba kuku wakikaa chini ni rahisi tu, ni maranda ya mbao, masanduku ya kutagia, fito za kulalia, basi. Aliyasema kama alivyoyasoma kwenye karatasi za Kundi, zilizojaa picha za kuku wanaong'aa. Dada yake akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akasema yeye anamdhamini mdogo wake. Mumewe akamtazama, akacheka kwa pua. Akakubali, kwa sharti moja: vizimba havitauzwa, vitasimama nje chini ya turubai. "Nimevifunika," alikuwa akiwaambia majirani. "Sijavizika."

Siku ya kuwatoa kuku, Kiguu alitarajia furaha. Kuku hawakuwa na habari hiyo. Walisimama kwenye maranda pale pale walipowekwa, kama wageni walioingia nyumba isiyo yao wakasahau kubisha hodi. Fito hawakuzijua, hakuna aliyepanda hata moja. Ilipita siku nzima kabla mmoja hajachutama, akajitupia maranda mgongoni, akajigeuza ubavu akapiga mguu hewani. Baba Trei akadhani ana kifafa. Kiguu akamwambia anaoga. Wakasimama wote wawili wanamtazama, na Kiguu alisahau miguu yake kwa muda ambao dada yake alisema haujawahi kuonekana katika ukoo.

Asubuhi chache baadaye, Baba Trei alimpigia simu alfajiri. Hakusalimia. Alimwambia tu aje.

Kwenye pembe ya mbali ya banda kulikuwa na lundo. Kuku juu ya kuku juu ya kuku, wa juu walikuwa hai, walishuka kwa aibu Baba Trei alipowasogeza. Wa chini walikuwa bapa, vilemba vyao vimekuwa vya zambarau, manyoya ya kifuani yameloa. Hakuna jeraha, hakuna tone la damu. Baba Trei alifikiri wametiwa sumu, akataja kwa sauti ya chini jirani ambaye hawapatani naye. Daktari wa mifugo alikuja, akampasua mmoja juu ya gunia, akasema sumu hakuna wala ugonjwa hakuna. Wamekosa pumzi tu. Giza lilipokaribia walikimbilia pembe moja, wakapandana, wakalaliana. Alisema hilo kama mtu anayesema mvua imenyesha, akanawa mikono, akaenda zake.

"Kizimbani," alisema Baba Trei, "hakuna wa kumlalia mwenzake."

Kiguu akachukua jembe, akaenda kuchimba shimo.

Tangu hapo hakukukalika. Kila jioni, ofisi ikifungwa, alikimbia kwenda bandani, akashika fagio, akasimama kwenye ile pembe akiwasukuma kuku kila waliposogea. Akiwatoa huku, wanajikusanya kule. Akienda kule, wamerudi huku. Alikuwa amepata wa kufanana naye, na hakufurahi. Giza likiingia kabisa walitulia, naye akajiambia leo wamenusurika, na asubuhi simu ikilia anaidaka kabla hajaamka vizuri. Siku nyingine hakuna aliyekufa. Siku nyingine lundo dogo. Kisha likaja kubwa kuliko la kwanza, na Baba Trei alipolitazama hakupandisha hata sauti. Alitoka nje, akainua ncha ya turubai, akakagua vizimba kama mtu anayekagua mvua imevujia wapi.

Dada yake alimfuata Kiguu bombani. Alimwambia mume wake halali, akilala anazungumza, na anachozungumza ni waya. Akamwambia bila ukali, huku akimfunga kilemba kilichomlegea, kwamba yeye alimdhamini kwa mdomo wake, na mdomo wenyewe anao mmoja. Kama hali itakuwa hivi mpaka mwisho wa wiki, mwenye banda atawarudisha kuku kizimbani, na yeye dada hatamzuia.

Na mwisho wa wiki ndio mnunuzi wa hoteli alikuwa anakuja.

Kabla ya mnunuzi kufika, Kundi lilipanga kila mfugaji wa mfano aonyeshwe kwanza kwa wenyewe, kwa simu, ili wasahihishane. Kiguu alimwambia Mkurugenzi kila kitu. Mkurugenzi alifungua kifungo cha shingoni, kitu ambacho Kiguu hakuwahi kukiona, kisha akakifunga tena. Alisema hali kama hii inahitaji busara. Kiguu aonyeshe upande wa masanduku ya kutagia, aonyeshe kuku wanaooga vumbi, hiyo pembe asiifikie. Si uongo, alisema, ni kuchagua pa kuelekeza simu. Wafugaji wakubwa wakisikia kuku wamekufa kwa sababu ya kuachiwa huru watalifanya wimbo.

"Tusiwape rungu la kutupigia, dada," alisema. "Tutalitatua sisi wenyewe, polepole."

"Polepole tumeshafukia wangapi?"

Mkurugenzi akamwomba ashushe sauti, fundi viatu anasikia.

Siku ya kuonyeshana, Kiguu alikuwa bandani tangu mchana. Asubuhi ile kulikuwa na lundo tena, na waliokufa walikuwa bado wamelazwa nyuma ya banda juu ya magunia, shimo likisubiri kuchimbwa. Baba Trei alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango. Alisema atatazama tu, hataongea. Mkurugenzi alijiunga kutoka ofisini, uso wake mdogo kwenye kidirisha, umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

Kiguu akaanza kutembeza simu. Hapa masanduku ya kutagia, hapa maji, hapa huyu anaoga. Mama wa Sweta, ambaye kwao ndiyo kwanza asubuhi, alitabasamu na kikombe mkononi. Mratibu alisema kazi nzuri sana, mfano bora. Bwana Feni hakusema kitu, feni ndiyo iliyozunguka. Mratibu akauliza kama mwangaza unatosha, kama maji hayamwagiki, kama mayai yanaokotwa mara kwa mara. Hakuna aliyeuliza kama kuna waliokufa. Kiguu akaanza kukumbuka vikao vyote, wiki baada ya wiki, mashamba ya wenzao waliyoonyeshwa, na akagundua kwamba hakuna siku mtu yeyote aliuliza swali hilo. Hata yeye. Ndani ya kiatu vidole vyake vilikuwa vinakanyaga kama anapanda baiskeli.

"Basi tushukuru," alisema Mratibu, na tayari alikuwa anamkaribisha anayefuata.

Kiguu akatoka mlangoni. Akampita Baba Trei kwenye ndoo yake, akazunguka banda, akasimama mbele ya magunia, akageuza simu iwatazame.

"Hawa ni wa leo," alisema kwa Kiingereza chake. "Hakuna aliyewadhuru. Walilaliana. Wiki iliyopita pia. Na kabla ya hapo."

Mkurugenzi alikohoa, kikohozi cha mtu anayemkanyaga mwenzake chini ya meza, ila meza ilikuwa mbali. Mratibu, kwa mara ya kwanza, alikosa neno la kukatishia. Kiguu akadhani simu imekatika, akaitikisa.

Kisha Bwana Feni akanyoosha mkono nyuma, akazima feni. Watu hawakuwahi kumsikia bila ule mvumo, na sauti yake kumbe ilikuwa nyembamba.

"Kwangu pia," alisema. "Niliwazika nyuma ya tangi la maji. Niliwaambia ninyi kwamba wanaendelea vizuri."

Mwingine, wa nchi ya milimani, akasema hata kwake, tena mara nyingi. Akafuata mwingine. Mmoja alisema alifikiri ni yeye tu asiyejua kufuga, kwa hiyo aliona haya. Wakawa wanasema kama watu waliokaa kwenye foleni ya hospitali, mmoja akataja ugonjwa, na kumbe foleni nzima inaumwa huo huo. Mama wa Sweta ndiye pekee aliyekuwa ameinama. Alipoinua uso, alisema kwao jambo hili linajulikana siku nyingi. Kuku aliyelelewa kizimbani hajui kupanda, hajui giza la banda wazi, akiogopa anafuata wenzake pembeni. Wafugaji wa kwao wanalijua na wana njia za kulipunguza.

Kiguu aliirudisha simu usoni kwake.

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Na karatasi mlizotutumia hazikusema."

Mama wa Sweta alisema walihofia. Walifikiri wenzao wakiambiwa mapema wataogopa na kukata tamaa, na kampuni nazo zitapata kisingizio. Alisema hayo bila kujitetea, kikombe chake kimewekwa mbali, na macho yake yalikuwa mekundu. Lakini Kiguu hakuwa na nafasi ya kumhurumia. Alitembea mpaka kwenye uzio, akarudi, akatembea tena, na Kundi zima likawa linatazama ardhi na viatu vyake, maana alisahau kwamba ameshika simu. Aliporudi alisema jambo moja tu: kwamba wao waligonga mlango wa hoteli pamoja ndipo ukafunguka, na kuku wanazikwa na kila mtu nyuma ya tangi lake. Akaomba waambiwe hizo njia, sasa hivi, zote.

Mama wa Sweta akaanza, na kila mtu akachukua kalamu. Pembe zisiachwe kali, zizibwe kwa marobota ya majani ziwe duara. Taa isizimwe ghafla, iwe ndogo na ipunguzwe polepole, ili giza lisiwakute katikati ya banda. Fito za kwanza ziwe chini kabisa, kimo cha kifundo cha mguu. Na kila jioni, kwa siku nyingi bila kuchoka, mtu awabebe kwa mikono na kuwaweka juu ya fito, mmojammoja, mpaka wajue wenyewe. Bwana Feni akaongeza kwamba kwake walijazana zaidi upepo ulipopiga mabati. Wa milimani akasema hata kwake kelele ndiyo iliyoanza.

Baba Trei hakuwa tena kwenye ndoo. Alikuwa nyuma ya bega la Kiguu, anatazama kioo.

"Wanasema nini?"

Kiguu angeweza kumpa zile njia na kunyamazia mengine. Alimweleza yote, hadi kwamba walijua wakanyamaza, na kwamba yeye mwenyewe aliambiwa asionyeshe pembe. Baba Trei alisikiliza akijikuna kidevu.

"Muulize yule mwembamba wa sauti. Aliwarudisha kizimbani?"

Kiguu akauliza. Bwana Feni akajibu kwamba ndiyo, nusu yao aliwarudisha. Akakaa nao wiki moja, akashindwa kuwatazama, akawatoa tena. Baba Trei akatikisa kichwa, isijulikane ni kwa kukubali au kwa kusikitika.

Kabla hawajafunga kikao, Mratibu alisema Kundi haliwezi kumficha mnunuzi kitu ambacho limeshaambiana. Watamweleza kwamba kuna vifo, na kwamba kila nchi inavishughulikia kwa njia zile zile kwa pamoja. Mkurugenzi alipinga, sauti ikampanda, akashindwa. Kesho yake mnunuzi alijibu kwa ufupi kwamba hatafika mwisho wa wiki. Atasubiri aone vifo vimepungua kwanza, ndipo azungumzie kununua. Mkurugenzi hakumsemesha Kiguu asubuhi nzima. Alimtumia ujumbe wa simu kutoka meza ya pili.

Kwa hiyo Kiguu alikwenda bandani na habari mbaya mkononi. Hoteli haijanunua, na mwisho wa wiki ulikuwa umefika. Alimkuta Baba Trei amesimama kando ya turubai. Akamwambia pale pale, hakuzunguka. Dada yake alikuwa mlangoni na sufuria la pumba, akaliweka chini.

Baba Trei alikaza kamba ya turubai, akailegeza, akaikaza tena. Kisha akamuuliza, yule wa kisiwani, jua kwao linatua saa hizi? Kiguu akasema limeshatua, kwao linatangulia. Na yeye anafanya nini sasa hivi?

Kiguu akampigia. Bwana Feni alipokea akiwa anahema, nyuma yake kuku wanalalamika. Alikuwa anawapandisha kwenye fito, mmojammoja, simu ameifunga shingoni kwa kamba.

"Mwambie," alisema Baba Trei, "asiwashike mabawa. Awashike chini ya kifua." Kisha akakunja mikono ya shati. "Nikiwarudisha leo, huyu atasikia tu. Mtu mzima anahangaika na giza huko peke yake, halafu asikie na mimi nimeshindwa. Haya, ingieni. Mama, leta yale majani."

Walifanya kazi mpaka mikono ikawawasha. Pembe mbili wakazizungushia majani, na fito wakazishusha hadi kimo cha kifundo. Dada alikuwa anawakamata, Kiguu anawabeba, Baba Trei anawapanga juu ya fito na kuwasemesha kama abiria wasiotaka kusogea nyuma. Wengine waliruka chini papo hapo. Wakarudishwa. Wakaruka. Wakarudishwa. Dada alisema sasa ameelewa kwa nini Mungu hakumpa mapacha. Taa ya betri ikapunguzwa kidogo kidogo kwa kufunikwa na kitambaa, na simu mfukoni mwa Kiguu iliendelea kutoa sauti za kuku wa mbali hadi chaji ikaisha.

Asubuhi, Baba Trei alitangulia kuingia. Kiguu alibaki nje akihesabu matofali ambayo hakuwa na haja ya kuyahesabu.

"Wawili," ilisema sauti ndani.

Aliingia mbio. Kuku wengine walikuwa wametawanyika, wanachakura, wachache bado wako juu ya fito wanashangaa jinsi ya kushuka. Baba Trei alikuwa amechuchumaa juu ya wale wawili, kwenye pembe ya tatu, ambayo majani hayakuitosha.

"Wawili," alirudia. "Kuku hufa, shemeji. Nikisema hawa ni kifo cha kawaida, nani atanibishia?"

Kiguu akamgeuza mmoja. Manyoya ya kifuani yalikuwa yameloa. Akamgeuza wa pili.

"Walilaliana," alisema.

Baba Trei aliwainua wote wawili kwa miguu yao. Dada alikuwa mlangoni, hakuingia wala hakuondoka.

"Basi waandikie wenzako hivyo hivyo. Wawili, walilaliana. Na waambie hawa wengine wanabaki hapa chini. Leo jioni tunaendelea, na vifaranga wajao nitawalea kwenye maranda tangu siku ya kwanza, wajue fito kabla hawajajua kutaga."

Kiguu aliandika, akatuma. Bwana Feni alijibu kwanza, kwake walikufa watano. Wa milimani, hakuna hata mmoja, na hakuamini, alikuwa anahesabu tena. Kisha likaja swali la Mama wa Sweta, fupi: pembe ipi, na mwanga wa kwanza wa asubuhi unaingilia upande gani, maana kuku huukimbilia?

Hilo Kiguu hakulijua. Alimsomea Baba Trei, naye akainuka, akaitazama pembe ya tatu, akapapasa ukuta kwa kiganja kuanzia chini. Kati ya mbao mbili zilizoziba pengo la matofali alikuta ufa. Uzi wa mwanga wa asubuhi ulipita hapo, ukalala juu ya maranda, na kuku mmoja alikuwa tayari ameanza kuufuata. Baba Trei akauziba kwa mkono, akabaki ameshikilia hivyo, huku akimwagiza mkewe alete nyundo.